Zege Halilali, Jibu Lake Hulala Siku 28

Haya, sogeeni. Leo tunaunda programu ya simu, ila simu zenyewe ziacheni mfukoni kwanza. Twendeni saiti.

Mashine ya kuchanganya zege inanguruma. Vibarua wamejipanga, ndoo zinapita mkono kwa mkono, na nyapara anapaza sauti kwamba zege halilali: likishachanganywa limwagwe leo hii, halingoji kesho. Pembeni amechutama binti mmoja na koni ya chuma yenye urefu wa milimita 300. Tumwite Neema. Anaijaza zege kwa matabaka matatu, kila tabaka analishindilia mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha anainua koni taratibu, wima. Zege linanywea, naye anapima limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kiwango kilichopangwa, huenda kuna mtu ameongeza maji ili lichoteke kwa urahisi, na maji yakizidi, zege hupoteza nguvu.

Leo limeshuka mno. Neema anamtazama nyapara, mtu wa umri wa baba yake. Amwambie asimamishe kazi? Shahada anayo, lakini chuoni hakuna aliyemtungia mtihani wa namna hii.

Hapo ndipo anapohitajika mhandisi mlezi. Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango ulioanza mwaka 2003, ambao humweka mhitimu kazini kwa miaka mitatu chini ya mlezi, ili aive kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Mhitimu huandika kazi zake, mlezi husoma na kusaini. Utaratibu ni mzuri, na udhaifu wake mnaujua kabla sijautaja, maana nani kati yenu hajawahi kujaza daftari la wiki nzima Jumapili usiku?

Sasa toeni simu, tuunde programu ya kushika nafasi ya daftari hilo.

Mbunifu mwenye haraka ataweka kitufe kimoja tu: nimefanya. Neema atakibonyeza kila siku, na baada ya mwaka mlezi ataona alama nyingi zisizomweleza chochote. Sisi tutaweka vinne: nilitazama, nilisaidia, nilifanya mwenyewe, nilimwelekeza mwenzangu. Mlezi akiona mhitimu ametazama upimaji wa zege mwezi baada ya mwezi na hajawahi kushika koni, anajua mara moja kwamba kasoro iko kwenye mgawanyo wa kazi.

Chini ya vitufe tunaacha nafasi ya swali moja: leo ulisita wapi? Mimi ningeondoa sehemu nyingine zote kabla ya kuigusa hii. Neema anaandika: "Zege lilikuwa na maji mengi. Niliogopa kumsimamisha nyapara." Mlezi akiyasoma maneno hayo jioni hiyohiyo, anaweza kumpigia simu na kumfundisha namna ya kuzungumza na mtu mzima mbele ya vibarua wake bila kumvunjia heshima na bila kuruhusu zege baya limwagwe. Akiyasoma baada ya miezi mitatu, nguzo imeshasimama.

Kuna jambo lingine ambalo mtengenezaji wa programu aliyekaa ofisini tu hawezi kulihisi. Siku ile ya kumwaga, Neema alijaza pia zege kwenye kalibu za chuma na kupata michemraba ya zege, kila upande milimita 150. Michemraba hiyo huzamishwa majini, kisha huvunjwa kwa mashine, mingine siku ya 7, mingine siku ya 28, ili ijulikane inahimili uzito gani. Zege halilali, lakini jibu lake hulala karibu mwezi mzima. Likija, Neema yuko kwenye kazi nyingine na mlezi ameshasahau. Kwa hiyo programu yetu ihesabu siku. Siku ya 28 iwaletee wote wawili ukurasa uleule wa siku ya kumwaga, pamoja na alichoandika Neema, na iwaombe waweke matokeo pembeni yake. Wakae wayasome pamoja.

Taa nyekundu je? Kila programu ya usimamizi hupenda taa nyekundu, na kwa kawaida humulika mdogo. Hii yetu imulike mlezi. Swali la Neema likikaa wiki bila jibu, taa iwake kwenye simu ya mkubwa. Najua baadhi ya wakubwa watanuna. Na tusiweke kabisa orodha ya nani ameongoza mwezi huu, kwa sababu vijana wataanza kuandika ili washinde, na wa kwanza kutoweka atakuwa yule aliyekuwa akikiri kwamba aliogopa.

Kukiri huko kunahitaji ulinzi. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo inatudai tujue tunakusanya nini na kwa sababu gani. Hesabu za vitufe anaweza kuziona mwajiri. Jibu la "ulisita wapi" libaki kwa watu wawili.

Mtandao nao hukatika, hasa barabara inapochongwa mbali na mji. Maandishi yahifadhiwe ndani ya simu, yaondoke yenyewe mtandao ukirudi, na picha zipunguzwe ukubwa zisimmalizie kijana bando lake.

Lakini msianze na kompyuta. Chora kurasa kwenye karatasi zenye ukubwa wa simu, mpe mlezi halisi aliyechoka na kazi za mchana, umwangalie anavyozibonyeza kwa kidole. Karatasi atakayoikunjia uso ndiyo ya kuchora upya. Kisha muulize hili, kwa sababu mimi na wenzangu bado tunabishana: yeye akihamishiwa mradi mwingine katikati ya ile miaka mitatu, mlezi mpya aoneshwe nini? Mimi nasema kazi zote, na mashaka yale tu ambayo Neema mwenyewe atachagua kuyafungua.