Upekee na Uthabiti wa Majina ya Vifaa vya Mtandao

Mkazi wa Goma asemapo "Kongo", msikilizaji wake aghalabu huelewa ni nchi ipi inayokusudiwa. Mitambo haina uelewa huo. Zaire ilipobadili jina mwezi Mei 1997 na kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anwani zake za intaneti zilikuwa zikiishia kwa herufi zr. Herufi cg hazikuweza kuchukuliwa, kwa kuwa zilikuwa tayari za Jamhuri ya Kongo, ambayo mji wake mkuu ni Brazzaville. Nchi ikapewa cd, na zr ikafutwa mwaka 2001. Mgongano unaofanana na huo hutokea ndani ya kompyuta moja, na makala hii inakusudia kueleza jinsi unavyoshughulikiwa katika mfumo endeshi wa Linux.

Kiini cha mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya vifaa na programu nyingine zote. Kadi ya mtandao inapotambuliwa, kiini huipa jina lisilozidi alama 15. Kwa desturi kadi ya waya huitwa eth, ikifuatiwa na namba ndogo kuliko zote ambayo haijashikwa: ya kwanza ni eth0, ya pili eth1. Miongoni mwa Waswahili, watu wawili wenye jina moja huitana somo, na jambo hilo huwa chanzo cha urafiki. Kiini hakikubali somo: jina lililokwisha kushikwa likiombwa tena, ombi hukataliwa.

Sheria hiyo hulinda upekee, lakini haihakikishi uthabiti. Namba hutolewa kwa kufuata zamu ya kutambuliwa, na zamu hiyo yaweza kubadilika mashine inapowashwa upya. Ichukuliwe kompyuta ya ofisi mjini Goma yenye kadi mbili, moja ikielekea antena ya setilaiti, nyingine kompyuta za ndani. Umeme ukikatika na kurudi, kadi hizo zaweza kubadilishana majina. Kanuni za ulinzi zilizoandikwa kwa ajili ya eth0 zitatumika kwa kadi isiyohusika, na upande wa nje huenda ukabaki bila kinga.

Suluhisho la awali lilikuwa programu ya udev, iliyo nje ya kiini, kuhifadhi namba ya kiwandani ya kila kadi na kuirudishia jina lake la zamani. Hapo mgongano ulijitokeza kwa sura nyingine: kadi iliyostahili kuwa eth0 ilikuta jina hilo limeshikwa na mwenzake, naye akilisubiri eth1. Ilibidi mmoja apewe kwanza jina la muda; na kadi nyingine ikitokea wakati huohuo, kiini kiliweza kuipa jina lililoachwa wazi.

Mwaka 2013, toleo la 197 la systemd lilileta majina yanayotokana na mahali kadi ilipochomekwa, kama enp3s0. Kwa kuwa hayaanzi kwa eth, hayagongani na yale yanayogawiwa na kiini. Hata hivyo, kadi ikihamishiwa tundu jingine, jina hubadilika.

Hivyo basi, upekee huweza kulindwa na kiini peke yake, kwa kuwa ndicho kinachoyajua majina yote yaliyoshikwa. Uthabiti hutegemea kile ambacho jina limefungamanishwa nacho. Herufi zr zilikuwa za pekee, lakini hazikudumu, maana zilifungamana na jina la dola. Goma yenyewe haikuhama.