Wastani Ubaoni, Vijana Mitaani

Ingia ofisi ya mwalimu mkuu katika shule nyingi za upili kaunti ya Machakos, iwe mjini, Kangundo au Masinga, na kabla hujakaribishwa kiti jicho litatua kwenye ubao uliotundikwa nyuma ya meza yake. Kushoto imeorodheshwa miaka, katikati idadi ya watahiniwa, na kulia wastani wa shule katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza upili, mpaka desimali ya tatu: tuseme 5.614, mwaka uliofuata 5.782, na chini kabisa, kwa wino mwekundu, lengo la mwaka huu. Wastani ukipanda, mbuzi huchinjwa na walimu hupelekwa Mombasa kupunga upepo. Ukishuka, wazazi huja langoni wakidai mwalimu mkuu ahamishwe.

Sasa uliza swali ambalo halina safu ubaoni. Wale waliopata D+ miaka mitatu iliyopita wako wapi? Aliyeenda kusomea udaktari atatajwa kwa jina, na pengine picha yake iko ukutani. Wa ualimu na uhandisi watakumbukwa. Lakini wale wengine, ambao kwa kawaida ndio wengi darasani, habari zao hazipo popote katika ofisi hiyo. Si kwamba mwalimu hajali. Ni nadra mtu kumdai hesabu yao, awe mzazi, mwanachama wa bodi au afisa wa wizara.

Hapo ndipo penye kasoro. Tumezoea kuipima shule kwa siku matokeo yanapotangazwa, ilhali kazi ya shule huanza kuonekana baada ya siku hiyo.

Mmoja kati ya wanne

Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 962,512 waliufanya mtihani nchini. Waliopata C+ na zaidi, gredi inayofungua mlango wa chuo kikuu, walikuwa 246,391. Ni kama mmoja kati ya kila wanne. Ikiwa maana ya kufaulu ni chuo kikuu peke yake, basi vijana zaidi ya 716,000 walikaa darasani miaka 12 na kutoka mikono mitupu, na shule zilizowafunza zilipoteza wakati.

Hakuna mwalimu atakayekubali hivyo, na hafai kukubali. Kijana wa C- anaweza kusomea diploma. Wa D anaweza kusomea cheti, na hata aliyepata D- au E ana kozi za ufundi anazoweza kuanza nazo na kupanda ngazi. KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, huzitangaza nafasi hizo kila mwaka. Tatizo ni kwamba katika shule nyingi habari hizi husikika Januari, baada ya machozi, wakati kijana ameshajiona ameanguka. Katika miaka minne ya kidato, kila mara mwalimu aliposema chuo alimaanisha chuo kikuu, na kila mara aliposema ufundi alikuwa anatoa onyo.

Mizani iliyosogezwa

Wanaoutegemea wastani kama kipimo cha pekee wakumbuke yaliyotokea 2016. KCSE ya mwaka uliotangulia ilikuwa imetoa gredi za A zaidi ya 2,600, na waliofikisha C+ walipita 165,000. Udanganyifu ulikuwa umekithiri, karatasi zikiuzwa kabla ya mtihani. Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alivunja bodi ya Baraza la Mitihani la KNEC na kufunga mianya. Matokeo ya 2016 yalipotoka, A zilikuwa 141 nchi nzima, na waliofikisha C+ walikuwa 88,929.

Watoto wa Kenya hawakupoteza akili kwa miezi kumi na miwili. Walimu hawakusahau kufunza. Kilichobadilika ni mizani, na shule zilizokuwa zimejichora ubaoni kuwa hodari zikajikuta hazina la kusema. Miaka miwili kabla ya hapo, 2014, Profesa Jacob Kaimenyi, waziri aliyemtangulia Matiang'i, alikuwa ameshapiga marufuku kuorodheshwa kwa shule na watahiniwa bora. Orodha rasmi ilitoweka, ila mashindano yalibaki, na mpaka leo shule hujitangazia wastani zenyewe kwa mabango na nyimbo barabarani.

Machakos inajua kuliko kaunti nyingi uzito ambao matokeo yanaweza kumtwika mtoto. Machi 2001, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli lilichomwa usiku na wavulana 67 wakafa. Miongoni mwa malalamiko yaliyotajwa wakati huo ni kufutwa kwa matokeo ya KCSE ya 2000 kwa madai ya udanganyifu. Hakuna malalamiko yanayohalalisha moto ule. Lakini wazazi waliozika hawakuhitaji kuelezwa kwamba karatasi ya matokeo ilikuwa imefanywa kuwa kubwa kuliko watoto walioikalia.

Mahindi ya Yatta, mahindi ya Kangundo

Mkulima wa Kangundo analima kwenye vilima vyenye mvua na udongo mwekundu. Wa Yatta analima ukame. Ukiwahesabia magunia bila kuuliza shamba liko wapi, utaipa zawadi mvua badala ya mkulima.

Ndivyo tunavyozifanyia shule. Tuchukue mfano. Shule moja ya bweni ilichagua wanafunzi waliopata alama 390 na zaidi kati ya 500 katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na baada ya miaka minne wastani wao ukawa B. Shule ya kutwa iliyo kilomita chache kutoka hapo ilipokea watoto wa alama 220, wengine wakitembea kwenda na kurudi na wengine wakikosa shule siku ya soko, na ikawatoa na wastani wa C. Ubaoni ya kwanza ni jabali na ya pili ni ya kuhurumiwa. Ukipima umbali ambao mtoto amebebwa, ya pili huenda ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi.

Vifaa vya kupima hivyo tunavyo. Kundi la mwisho la KCPE lilifanya mtihani 2023 na litafanya KCSE 2027, kwa hiyo kila mtahiniwa aliyebaki katika mfumo wa 8-4-4 ana alama za kuingilia za kulinganisha na za kutokea.

Kuna hesabu nyingine isiyoandikwa: waliotoka njiani. Ikiwa waliingia kidato cha kwanza 120 na wakakalia mtihani 93, wale 27 wako wapi? Wapo walioshindwa na karo, waliopata mimba na waliohama. Wapo pia walionong'onezwa watafute shule nyingine kwa sababu wangeuvuta wastani chini. Shule inayopandisha wastani kwa kuwatoa wanyonge haijafundisha mtu.

Kwa nini ufundi ulitupwa jikoni

Si haki kuwalaumu wazazi kwamba wanadharau kazi za mikono, maana wana historia yao. Mwaka 1909, J. Nelson Fraser aliishauri serikali ya kikoloni kwamba Mwafrika afunzwe ufundi, na elimu ikagawanywa kwa rangi. Machakos School ilianza 1915, sera hiyo ikitawala. Mzungu alisomeshwa atawale, Mwafrika akashikishwa randa. Mzazi wa Ukambani aliyeyaona hayo alihitimisha kwamba kalamu ndiyo njia ya kutokea, naye hakukosea kwa wakati wake.

Baada ya uhuru, mwaka 1966, Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza wanaomaliza shule ya msingi wanaelekea wapi. Kutokana nayo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo tangu Katiba ya 2010 viko chini ya kaunti. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulikuja na useremala, sayansi kimu na sanaa, wazazi wakachanga harambee kujenga karakana. Miaka ikapita, masomo yakapunguzwa, na katika shule nyingi karakana zile zikageuka stoo za viti vilivyovunjika.

Hata chuo cha ufundi kilichokuwa fahari ya mji kilipanda cheo. Machakos Technical kiligeuzwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2011, na Oktoba 2016 kikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Machakos. Wiki chache baadaye ndipo ulipofanyika mtihani ule ambao waliofikisha C+ walikuwa 88,929. Tulikuwa tunaongeza milango ya chuo kikuu mwaka uleule wenye kuipitia walipopungua, na fundi akabaki akitafutwa.

Fremu ya mlango

Anayetaka kuona elimu ikipimwa bila karatasi aende kwa mafundi wa kuchomelea vyuma. Kijana mpya hukabidhiwa tepu na kuambiwa aunganishe fremu ya mlango. Anapima pande nne, zinazotazamana zinalingana, anafurahi. Fundi haangalii pande. Anavuta tepu kutoka kona hadi kona, kisha kona nyingine mbili. Vipimo viwili vikitofautiana, fremu imepinda na mlango hautafunga. "Pima tena, kijana," anasema, na bomba linakatwa upya kwa hasara.

Hiyo ni hesabu ya Pythagoras. Kijana aliyepata D ya hisabati anaitumia kila asubuhi, na pengine hakuna aliyemwambia ni ileile iliyomshinda darasani. Aliyepata A anaweza kuwa ametatua maswali mia ya pembetatu bila kuishika fremu hata moja. Shule iliyoandaa wanafunzi vizuri ingewakutanisha hawa wawili ndani ya mtu mmoja.

Kazi zenyewe haziko mbali. Mavoko ina viwanda vya saruji na eneo la bidhaa za kuuzwa nje, na mji wa teknolojia wa Konza uko jirani. Wamunyu, ambako inasimuliwa kwamba Mutisya Munge alirudi na ujuzi wa kuchonga alioupata Tanganyika enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, palikuza ufundi uliozifikisha sanamu za Wakamba kwenye maduka ya Ulaya na Marekani. Na mjini Machakos kipo chuo cha ufundi cha wasioona, ambako kujua kusoma Breli, kutembea kwa fimbo nyeupe na kushika kazi ya mkono ni sehemu ya mafunzo yenyewe. Hapo aliyefaulu ni yule anayeweza kujitegemea akirudi kwao.

Rula mpya, mazoea yaleyale

Mtaala wa umilisi, unaochukua nafasi ya 8-4-4, ulikuja na ahadi ya kutibu haya. Matokeo ya kwanza ya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9 uliofanywa mwishoni mwa 2025, yalihesabiwa kwa asilimia 60 ya mtihani wenyewe, 20 ya KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 ya kazi za shuleni Gredi ya 7 na 8. Januari 2026 wanafunzi wakaingia Gredi ya 10 wakiwa na njia tatu: sayansi, teknolojia na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa na michezo.

Ila mazoea yana taabu. Kila somo lina viwango vinane na masomo ni tisa, na wazazi walishajua kuwa jumla ya juu ni 72. Wakaanza kuulizana mtoto wako ana ngapi. Tusipoangalia, shule zitapata ubao mpya wenye safu zilezile, na njia ya sanaa na michezo itakuwa kile ambacho useremala ulikuwa: mahali pa walioshindwa.

Mtihani una watetezi, na wana hoja. Mtihani wa kitaifa ukilindwa hauna mjomba. Mtoto wa kibarua wa Kalama akipata A anaingia udaktari pamoja na mtoto wa waziri, na kipimo chochote kinachotegemea maoni ya mwalimu pekee kitawanufaisha wenye kujuana. Pia shule haiwezi kubebeshwa lawama kwa uhaba wa kazi nchini. Kwa hiyo ubao ubaki, ila uongezwe safu tatu: watoto waliingia na alama gani na wakatoka na gani, walioingia ni wangapi na waliomaliza ni wangapi, na miaka miwili baadaye wako chuoni, kazini, kwenye biashara, shambani au nyumbani. Kisha shule ilinganishwe na nyingine inayopokea watoto kama wake katika kaunti ndogo hiyohiyo.

Haihitaji mabilioni. Wizara tayari imempa kila mwanafunzi nambari yake, na KUCCPS inajua aliyepewa nafasi ya chuo. Waliobaki wako kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa yao, ambako mwalimu wa ushauri akiuliza Jumatatu atakuwa na majina mengi ifikapo Ijumaa.

Muhula huu wazazi wataitwa mikutanoni waelezwe kuhusu lengo jipya la wastani na pesa za kulifikia. Asimame mzazi mmoja aulize habari za darasa la miaka miwili iliyopita, lote, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Jibu likikosekana, mkutano huo usipitishe hata shilingi moja ya motisha mpaka orodha iletwe.