Kuchagua Oili ya Injini ya Pikapu

Mara nyingi tumeulizwa na walimu, na viongozi wa vyama vya wakulima, na wenye motokaa vijijini, ni oili ipi ifaayo kutiwa katika injini ya lile lori dogo liitwalo pikapu. Swali hili laonekana dogo, lakini si dogo. Katika vijiji vingi pikapu moja ndiyo ichukuayo viazi na mahindi kwenda sokoni, ndiyo ileteyo mbolea, na usiku ndiyo impelekayo hospitali mama mwenye uchungu wa kuzaa. Ikisimama hiyo, mambo mengi husimama pamoja nayo.

Sisi wenyewe tulipata kuona pikapu ya diseli ya chama kimoja cha wakulima, iliyonunuliwa kwa michango ya miaka mingi, ikivutwa kwa ng'ombe mpaka uani kwa fundi. Injini ilikuwa imenoki. Fundi alipoifungua alikuta beringi zimesagika, na ndani ya sampu mna tope jeusi zito kama lami. Dereva hakuwa mlevi wala mvivu. Kila alipoona oili imepungua aliongeza. Ila aliongeza oili ya kupima, leo ya duka hili, kesho ya duka lile, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Wanachama walipopiga hesabu waliona kuwa fedha zote zilizookolewa kwa miaka miwili hazikutosha hata kununua beringi mpya. Msimu ule mazao yao yalichukuliwa kwa gari la kukodi, na faida ikaenda kwa mwenye gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi twataka kueleza jambo hili kwa taratibu, ili kila mwenye kusoma aweze kwenda dukani akijua atakacho.

KAZI YA OILI

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya oili ni kulainisha tu. Kweli, hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza: kukaa kama utando mwembamba kati ya chuma na chuma, ili visisuguane. Lakini ina kazi nyingine. Huchukua joto la pistoni na kulipeleka chini kwenye sampu. Huosha masizi na uchafu, na kuushika usigande ndani ya injini. Huziba nafasi ndogo baina ya ringi na silinda, ili nguvu ya moto isipotee. Tena huzuia kutu na asidi zitokanazo na kuungua kwa mafuta. Oili isiyofaa yaweza kulaini vidoleni kama ile iliyo njema, na huku ikashindwa kazi hizi nyingine zote. Kwa hiyo kuipima oili kwa vidole si kipimo.

MAANA YA NAMBA

Juu ya chupa utaona maandishi kama 5W-30, au 15W-40, au 20W-50. Namba hizi ni za SAE, chama cha wahandisi wa motokaa cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1905. Si vipimo vya ubora wala si digrii za joto. Zaonyesha uzito wa oili, yaani jinsi inavyotiririka.

Namba ya kwanza, iliyo pamoja na herufi W, yahusu baridi. Ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi injini inapowashwa asubuhi. Oili ya 15W hupimwa katika baridi ya digrii 20 chini ya sifuri, na ile ya 5W katika digrii 30 chini ya sifuri. Hata Makete na Kitulo, ambako mwezi wa Juni na Julai umande huganda, baridi haifiki huko. Kwa hiyo oili ya 15W haitaizuia injini kuwaka katika vijiji vyetu. Lakini ile ya 5W au 10W hufika upesi zaidi kwenye sehemu za juu za injini asubuhi ya baridi.

Namba ya pili yaonyesha uzito wa oili injini ikiwa imepata moto, na kipimo chake hufanywa katika digrii 100. Oili ya 40 ni nzito kuliko ya 30, na ya 50 ni nzito kuliko ya 40. Hapa wengi hukosea. Husema, "Sisi twakaa pwani penye joto, basi na tutie nzito kabisa." Lakini injini hujipasha yenyewe na kudhibiti joto lake kwa maji ya rejeta, iwe Tanga au Njombe. Liongezalo taabu ya oili zaidi ni mzigo mzito, mlima mrefu, na vumbi.

Iko pia ile iitwayo oili namba 40, ambayo ina namba moja tu. Hiyo ikiwa baridi huwa nzito mno, na injini hukaa kitambo ikizunguka kabla oili haijafika kila mahali. Nyakati hizo za kuwasha ndipo chuma hulika sana. Usiitie katika pikapu ya siku hizi ila kitabu chake kiwe kimeiruhusu.

MAANA YA HERUFI

Namba peke yake hazitoshi. Tafuta na herufi za API, chama cha wafanya biashara ya petroli cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1919. Herufi zikianza na S, oili ni ya injini ya petroli. Zikianza na C, ni ya injini ya diseli. Chupa nyingine huandikwa zote mbili. Herufi ya pili yaonyesha umri wa kanuni: kadiri iendavyo mbele katika alfabeti, ndivyo kanuni ilivyo mpya. Kwa mfano, SF ilitosha motokaa za petroli zilizotengenezwa mpaka mwaka 1988. SN ilianza mwaka 2010, na SP mwaka 2020. Kwa diseli, CD ni kanuni ya mwaka 1955, CF-4 ya mwaka 1990, CI-4 ya mwaka 2002, na CK-4 ilianza mwisho wa mwaka 2016.

Basi ukiona chupa yenye picha nzuri na bei ndogo, na nyuma imeandikwa SF au CD tu, ujue kwamba wauziwa oili ya kanuni za zamani. Yaweza kufaa mashine kuukuu ya kusaga, lakini si injini ya diseli yenye turbo, ambayo huzunguka kwa kasi kubwa na kutegemea oili safi kwa uhai wake.

Kuna jambo moja zaidi kwa wenye pikapu mpya za diseli. Nyingi katika hizo zina chujio la masizi katika bomba la moshi. Oili ya kawaida ikiungua huacha majivu, na majivu hayo huliziba chujio. Motokaa hizo hutaka oili yenye majivu machache, kama ile ya kanuni za Ulaya za ACEA ziitwazo C2 na C3, au kanuni ya Japani iitwayo DL-1.

LIPI TUFANYE?

Kwanza, soma kitabu cha motokaa. Aliyeitengeneza ndiye ajuaye nafasi zilizomo ndani yake. Pikapu nyingi za diseli za zamani huruhusiwa 15W-40. Nyingi za siku hizi hutaka 5W-30. Kama kitabu kimepotea, andika namba ya injini na mwaka wa motokaa, ukamwulize muuzaji wa vipuri wa kampuni ile. Usikubali neno la "hii hutia kila mtu."

Pili, usitie oili nzito ili kunyamazisha injini iliyochakaa. Ikiwa pikapu inakula oili na kutoa moshi wa buluu, oili ya 20W-50 yaweza kupunguza moshi kwa muda, lakini haiponyi ringi zilizolika. Ni kufunika kidonda kwa nguo.

Tatu, badili oili kwa wakati, pamoja na filta yake. Kwa pikapu ibebayo mizigo katika barabara za vumbi, kilomita 5,000 ni kipimo kizuri, hata kama kitabu chataja 10,000 kwa kazi nyepesi. Usisuuze injini kwa mafuta ya taa. Yabakiayo ndani huifanya oili mpya kuwa nyepesi kupita kiasi.

Nne, pima kila juma. Simamisha motokaa mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika chache, kisha chomoa kijiti, kifute, kirudishe na kukichomoa tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kuzidisha nako ni kosa, maana kranki huipiga oili ikawa povu. Katika injini ya diseli, oili kuwa nyeusi si dalili ya ubaya. Yaonyesha kuwa inashika masizi, ndiyo kazi yake. Lakini ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia: usiendeshe, mwite fundi. Na ukiishiwa njiani, afadhali kuongeza oili ya kampuni nyingine yenye namba na herufi zile zile kuliko kuendelea na oili pungufu.

Tano, jihadhari na oili bandia. Nunua chupa yenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa, na alama ya shirika la viwango, kama TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Tena dai risiti. Chupa tupu itoboe, maana wako watu wazikusanyao ili kuzijaza oili chafu iliyochujwa.

Sita, oili chafu usiimwage mtoni wala karibu na kisima. Wala si dawa ya kidonda cha mtu au cha mnyama. Imo sumu iwezayo kuleta kansa. Iweke katika dumu lililofungwa, na kuipeleka gereji wanakoikusanya.

Mwisho, twawashauri wenye pikapu za vyama wawe na daftari moja dogo ndani ya motokaa. Iandikwe tarehe, kilomita, namba na herufi za oili iliyotiwa, na jina la aliyeitia. Mwalimu wa kijiji aweza kulikagua kila mwezi mbele ya wanachama. Mali bila daftari huisha bila habari. Chama kile tulichokitaja sasa kina daftari la namna hiyo, na injini iliyotengenezwa upya ingali ikipanda mlima na viazi vyao.