Kuuliza ili Kusaidiwa: Kiswahili na Utatuzi wa Hitilafu za Tovuti na Hifadhidata kati ya Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mwandishi wa programu anayezungumza Kiswahili katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, anavyoweza kupata msaada anapokwama katika kazi ya tovuti au hifadhidata. Hoja kuu ni kwamba kikwazo cha kwanza si uhaba wa wajuzi, bali ni ugumu wa kuunda swali linalojibika, na kwamba ugumu huo ni wa kilugha kabla ya kuwa wa kiufundi. Kwa kuichambua hitilafu moja inayosababishwa na ritifaa katika majina kama Ng'oma, makala yanaonesha hatua za kuigeuza hitilafu kuwa swali, kisha yanatoa mapendekezo matatu kwa watunga sera.

Maneno muhimu: Dzaleka, hifadhidata, ujumbe wa hitilafu, istilahi, ritifaa

1. Utangulizi

Dzaleka iko katika Wilaya ya Dowa, mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe. Wakati wa utawala wa Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa; mwaka 1994 pakafunguliwa kuwa makazi ya wakimbizi. Makazi hayo yaliyopangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 sasa yana zaidi ya watu 50,000. Wengi wao wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Katika mchanganyiko huo Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu wa asili mbalimbali sokoni, katika nyumba za ibada na katika ujirani.

Mafunzo ya kompyuta si mageni hapo. Shirika la Kijesuti la Huduma kwa Wakimbizi lilihusika katika kuleta masomo ya ngazi ya diploma kwa njia ya mtandao tangu mwaka 2010, na baadaye mradi wa AppFactory, uliolihusisha Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na kampuni ya Microsoft, ulifundisha vijana uandishi wa programu. Lilongwe nako kuna wajuzi na vituo vya ubunifu. mHub, kilichoanzishwa mwaka 2013, ni mfano unaojulikana.

Hata hivyo, umbali kati ya sehemu hizo mbili haupimwi kwa kilomita pekee. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987 ikiweka mipaka katika baadhi ya vifungu, vikiwamo vya ajira na uhuru wa kwenda atakako mtu. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee Dzaleka. Matokeo yake kwa taaluma hii ni dhahiri. Mwanafunzi wa Lilongwe anayekwama anaweza kuketi kando ya mjuzi na kumwonesha kioo cha kompyuta yake. Mwenzake wa Dzaleka, mara nyingi, hana ila ujumbe atakaoutuma kwa simu. Ujumbe huo usipoeleweka, msaada umekwisha kabla haujaanza.

2. Hitilafu moja, lugha nne

Mwandishi wa programu aliyesoma Uvira au Bukavu amefundishwa hesabu na sayansi kwa Kifaransa. Anajadiliana na wenzake kwa Kiswahili. Kompyuta humpa ujumbe wa hitilafu kwa Kiingereza. Akimtafuta mjuzi wa Lilongwe, atamkuta anayefikiri na kueleza kwa Kichewa na Kiingereza. Hivyo basi, kabla tatizo halijafika kwa anayeweza kulitatua, huwa limevuka mipaka kadhaa ya lugha, na katika kila mpaka kuna kinachodondoka.

Kinachodondoka mara nyingi ndicho kilichohitajika. Ujumbe wa hitilafu ni matini fupi yenye sehemu zenye uzito usiolingana: aina ya kosa, mahali lilipotokea, na maneno ya jumla ambayo hurudiwa kila mara. Asiyeimudu lugha ya ujumbe hawezi kutofautisha sehemu hizo. Huishia kuufupisha wote kwa sentensi moja: "Mfumo wangu haufanyi kazi." Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haina jibu.

Kuna bahati moja ndani ya tatizo hili. Sehemu iliyo muhimu zaidi mara nyingi ni namba, na namba haihitaji tafsiri. Katika tovuti, 404 humaanisha kuwa seva imefikiwa lakini kilichoombwa hakikupatikana; 500 humaanisha kuwa programu imeharibikiwa ndani ya seva yenyewe. Katika hifadhidata ya MySQL, 1045 ni kukataliwa kuingia, aghalabu kwa sababu ya jina la mtumiaji au nywila isiyo sahihi. 1146 ni jedwali lisilokuwapo. 1062 ni kurudia thamani ambayo ufunguo hauruhusu irudiwe. 1452 ni kuingiza safu inayorejelea safu nyingine isiyokuwapo. Na 1064 ni amri iliyokiuka sarufi ya SQL. Mwanafunzi aliyefundishwa kutaja namba kwanza huwa amekwisha kumwambia msaidizi nusu ya habari, hata kama maneno mengine yote ameyasema kwa Kiswahili cha Kongo na msaidizi anayasoma kwa taabu.

3. Mfano: ritifaa katika jina la Ng'oma

Mfano ufuatao umeteuliwa kwa kuwa hauwezi kuepukwa na yeyote anayehifadhi majina ya watu wa eneo hili. Kiswahili na Kichewa hushiriki sauti ya king'ong'o inayoandikwa ng' kwa ritifaa. Neno ng'ombe limo katika lugha zote mbili kwa maana ileile. Nchini Malawi Ng'oma ni jina la ukoo lililozoeleka.

Ichukuliwe kwamba kijana ametengeneza fomu ya tovuti ya kuandikisha wanafunzi wa darasa la jioni. Programu yake huchukua jina lililoandikwa na kuliunganisha moja kwa moja na amri ya SQL. Majina Banda, Phiri na Mukendi yanaingia bila shida. Linapoandikwa Ng'oma, programu inasimama na kutoa hitilafu 1064. Ujumbe wa Kiingereza unamwelekeza kwenye mwongozo wa toleo la hifadhidata yake, na asiyeuelewa vizuri hudhani kwamba toleo hilo limepitwa na wakati. Anaweza kupoteza siku nzima, na fedha za vifurushi vya intaneti, akipakua toleo jipya. Kumbe dokezo lenyewe liko mwishoni mwa ujumbe, panapooneshwa kipande cha amri kilichoishinda kompyuta, nacho kinaanza na herufi "oma".

Maelezo yake ni haya. Katika SQL, maandishi hufungwa kati ya alama mbili ambazo kwa umbo ni sawa na ritifaa. Kompyuta inapoikuta ritifaa ya Ng'oma huihesabu kuwa alama ya kufunga. Kwake jina limekwisha kwenye "Ng", na "oma" iliyosalia ni neno lisilo na nafasi katika sarufi ya amri.

Hitilafu hii ina tabia ya kupotosha. Baadhi ya kibodi za simu huandika ritifaa iliyopinda badala ya ile iliyonyooka. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Hivyo jina lililoandikwa kwa simu huweza kupokewa, na jina hilohilo lililoandikwa kwa kompyuta ya mezani likakataliwa. Mtengenezaji anayejaribu kwa simu yake haoni kosa. Karani anayetumia kompyuta analiona kila siku. Kila mmoja humwona mwenzake mzembe. Isitoshe, jina lililoingia kwa ritifaa iliyopinda kwa kawaida halitapatikana litakapotafutwa kwa ritifaa iliyonyooka. Katika mahali ambapo kuonekana kwa jina katika orodha huamua kama mtu atapata nafasi ya darasa au hatapata, jambo hilo si dogo.

Njia ya mkato inayowavutia wengi ni kuiondoa ritifaa. Kifonolojia na kijamii hilo ni kosa. Ng' na ng ni sauti mbili tofauti: ngoma ya Kiswahili na ng'oma ya Kichewa zina maana moja, lakini hazitamkwi sawa. Aidha, jina lililobadilishwa halitalingana na lile lililo katika kitambulisho cha mwenyewe. Dawa sahihi ni kuitenganisha amri na thamani: programu hutuma kwanza amri yenye nafasi zilizoachwa wazi, kisha hutuma majina ya kujaza nafasi hizo, kama inavyofanyika kwa PDO katika lugha ya PHP. Hapo ritifaa hubaki kuwa sehemu ya jina. Ritifaa zilizopinda nazo hugeuzwa kuwa za aina moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta.

Utaratibu huohuo huziba tundu la usalama. Ikiwa ritifaa ya mtu asiye na nia mbaya inaweza kuivunja amri, mwenye nia mbaya anaweza kuandika katika fomu hiyo maneno yatakayoigeuza amri ifanye atakalo, hata kusoma au kufuta jedwali zima. Jina la Ng'oma, kwa hiyo, ni kengele ya bure.

4. Sifa za swali linalojibika

Mfano huo unaonesha tofauti kati ya malalamiko na swali. "Fomu yangu inakataa majina" ni malalamiko. Swali linalojibika lina mambo matano. La kwanza ni lililokusudiwa: kuhifadhi jina katika jedwali. La pili ni lililotokea: hitilafu 1064, pamoja na ujumbe wake wote kama ulivyo, bila kufasiriwa. La tatu ni kipande kidogo kabisa cha msimbo kinachoweza kulirudia kosa, wala si programu nzima. La nne ni mazingira: aina na toleo la hifadhidata na la lugha ya programu. La tano ni yaliyokwisha kujaribiwa na matokeo yake: Banda limepita, Ng'oma halikupita.

Jambo la tano ndilo lenye nguvu zaidi, kwa kuwa humlazimisha mwulizaji kulinganisha. Anayeziandika Banda na Ng'oma sambamba huenda akaiona ritifaa kabla hajatuma ujumbe. Ndiyo maana mambo haya yanafaa kuandikwa kwanza kwa lugha ambayo mtu anafikiria. Kiswahili hapa ni chombo cha uchunguzi. Kiingereza kinaweza kufuata baadaye, kikiwa tafsiri ya fikra ambayo tayari imenyooka.

Jambo la sita ni la kimaadili. Data za mfano zisiwe majina halisi, namba za kesi wala nywila. Malawi ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2024. Lakini hata bila sheria, orodha ya wakimbizi iliyobandikwa katika ujumbe wa kuomba msaada inaweza kumfikia mtu ambaye mwenye jina alimkimbia. Tahadhari hii inahusu pia programu za akili unde, ambazo sasa hujibu maswali kwa Kiswahili. Manufaa yake ni ya kweli kwa aliye mbali na wajuzi, ila hujibu kwa uhakika uleule zinapopatia na zinapokosea. Jibu lake, kama la mjuzi yeyote, lijaribiwe kwanza kwenye nakala ya hifadhidata.

5. Suala la istilahi

Kiswahili hakijakosa maneno. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice, na kwa kazi hiyo ikabidi istilahi nyingi ziundwe au zichaguliwe. Tatizo lililobaki ni la wingi na mtawanyiko. Wapo wanaosema hifadhidata na wapo wanaosema kanzidata. Vitabu vya Kenya huandika tarakilishi pale ambapo wengi husema kompyuta. Na aliyetoka Kongo huja na istilahi za Kifaransa alizozizoea.

Kwa anayeomba msaada, neno linalokubalika na wengi lina faida kuliko neno zuri. Utaratibu unaopendekezwa hapa ni wa kivitendo: maelezo yawe kwa Kiswahili, istilahi ya Kiswahili itumike pale inapoeleweka na pande zote, na maneno ya amri za SQL pamoja na ujumbe wa hitilafu yaachwe kama yalivyo, kwa kuwa hayo ndiyo msaidizi atakayoyatafuta.

6. Hitimisho na mapendekezo

Kwanza, mafunzo ya uandishi wa programu Dzaleka yatenge muda wa kufundisha kusoma ujumbe wa hitilafu na kuunda swali, na zoezi hilo lifanywe kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza. Pili, kila tatizo lililotatuliwa liandikwe kwa ufupi kwa Kiswahili na Kichewa, likianza na namba ya hitilafu, na lihifadhiwe mahali panaposomeka bila intaneti. Aliyekwama leo asilipe tena kifurushi kwa jibu ambalo jirani yake alilipata mwezi uliopita. Tatu, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambayo Malawi ni mwanachama wake na ambayo ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne mwaka 2019, ishirikiane na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania kuoanisha istilahi chache za msingi za hifadhidata na tovuti.

Mapendekezo haya hayaondoi vikwazo vya kisheria vinavyomzuia mkimbizi kufika Lilongwe. Yanahakikisha tu kwamba ujumbe wake, unaoruhusiwa kufika asikoweza kufika mwenyewe, ukifika unaeleweka.