Fundi Huanzia kwenye Zana

Gereji bubu za Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Tandale jijini Dar es Salaam huzijui kwa kibao, maana hakipo. Unazijua kwa ardhi iliyolowa oili chafu mpaka ikawa nyeusi, na kwa magari yaliyopandishwa juu ya magogo. Lakini mgeni asidhani pale hapana mwenyewe. Pana wakubwa na wadogo, pana zamu na pana miiko. Kijana akifika asubuhi humwamkia mkubwa wake, "Shikamoo fundi," ndipo akashika spana. Na katika taratibu zote za uwanja ule, inayomtenga fundi na mfunguaji nati ni moja: fundi hujitengenezea zana.

Desturi hii ilikomaa wakati wa dhiki. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi iliishiwa fedha za kigeni na spea zikawa adimu. Peugeot 404, Land Rover na Bedford zilitakiwa zitembee hivyo hivyo. Mwaka 1983 serikali iliporuhusu watu binafsi kubeba abiria jijini, kazi iliongezeka, kwa kuwa daladala iliyolala gereji haileti hesabu kwa tajiri. Aliyekosa zana ya kiwandani alitafuta chuma chakavu, akaanza kukata. Leo maduka ya Kariakoo na Gerezani yamejaa spana kutoka ng'ambo, ila zana maalumu ya injini moja bado ni ghali kwa kazi inayotokea mara chache.

Hapo ndipo ubunifu unapoonekana. Ili pistoni iingie kwenye silinda, ringi zake lazima zibanwe. Fundi hukata bati la kopo, akalizungusha kwenye pistoni na kulikaza kwa klipu ya mpira wa rejeta. Ili kutoa springi ya vali, huchukua kipande cha bomba, akakitoboa dirisha ubavuni, akakikandamiza juu ya kifuniko cha springi. Loki mbili ndogo zikilegea, huzichomoa kupitia dirishani kwa bisibisi iliyopakwa grisi. Vali ikihitaji kusagwa, huvishwa kipande cha mpira kwenye mguu wake na kupekechwa kwa viganja viwili, kama wazee walivyopekecha moto. Sahani ya klachi hulengeshwa kwa shafti ya gia boksi iliyokufa, au kwa mpini uliochongwa ukafikia kipimo. Gasketi ya pampu ya maji hukatwa kwa kuweka karatasi juu ya pampu yenyewe na kuigonga ukingoni taratibu kwa nyundo. Fimbo ya shokapu mbovu, ikitiwa uzito unaoteleza, huwa nyundo ya kuvutia beringi zilizong'ang'ania.

Kukata na kuchomelea si mwisho wa kazi. Lazima ujue chuma. Nondo ya ujenzi hupinda ikizidiwa, kwa hiyo haifai kuwa mtaimbo wa injini. Springi ya lori na ekseli ya zamani ndizo zinazotafutwa, kwa sababu ni chuma kigumu kinachostahimili kupindwa na kurudi. Kikishapata umbo motoni, hutiwa matiko: hupashwa moto hadi kiwe chekundu, kikazamishwa ghafla kwenye oili, kisha kikapashwa moto kidogo tena ili kisivunjike kama kioo. Tindo isiyotiwa matiko hukunjamana mdomo mara ya kwanza inapopigwa.

Elimu hii hupitia kwa saidia fundi. Huanza kwa kuosha vyuma kwa dizeli, huku akijifunza namba kwa macho. Kwenye Toyota, zilizojaa jijini, spana za kumi, kumi na mbili na kumi na nne ndizo hazikauki mkononi. Mkubwa akinyoosha kiganja bila kusema neno, kijana anapaswa kuweka inayohusika. Akishazoea hupewa chuma chakavu atengeneze zana yake. Ikikataa, hachekwi, huambiwa aangalie ilipopindia.

Kuazimana nako kuna adabu yake. Zana ya kutengenezwa ina mwenyewe, mara nyingi ina alama ya msumeno au rangi. Huombwa, haichukuliwi, na hurudi imefutwa grisi. Ukiivunja, pesa peke yake haitoshi: unatengeneza nyingine. Jioni zana huhesabiwa kabla ya injini kuwashwa, kwa sababu spana iliyosahaulika ndani huweza kuvunja kazi yote.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Gereji inakubaliana nao kwa kiasi, maana kuna jembe lisilochongwa uwanjani. Bolti za silinda hedi hukazwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda nje, na kwa mkazo uliopimwa kwa spana ya kupimia. Wapo wazee wanaosema mkono wao ni mizani, lakini hedi za aluminiamu za siku hizi hazimsamehe anayekisia. Hupinda, gasketi ikaungua, na mteja akarudi na gari linalotoa moshi mweupe. Jeki ya kujitengenezea nayo ni hatari: mtu asilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 na yenye chuo Chang'ombe, wilayani Temeke, ina utaratibu wa kupima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Mafundi wa gereji bubu wautumie, na wapimaji nao wakifika wasiishie kuuliza maswali ya darasani. Wamwombe fundi afungue boksi lake la zana na aeleze kila moja aliitengenezaje. Na wewe mwenye gari, ukitajiwa bei ya kazi, usihesabu dakika alizotumia fundi kufungua nati. Lipa pia ujuzi uliotengeneza cha kufungulia.