Chimbuko la Mawazo na Desturi ya Kuandika

Katika vyuo vikuu kuna mwandishi wa aina moja anayejulikana na wote. Alipokuwa akitayarisha tasnifu yake aliandika usiku na mchana, akajaza daftari baada ya daftari. Shahada ilipopatikana, kalamu iliwekwa chini na haikuinuliwa tena. Akiulizwa sababu, aghalabu hujibu kwamba hana wazo. Jibu hilo lastahili kuchunguzwa, maana kwa wasomi wa Kiswahili nchini Kongo hasara yake si ya mtu mmoja. Masomo ya juu hufundishwa kwa Kifaransa, vitabu vingi vya Kiswahili sanifu hutoka Afrika ya Mashariki, na mengi yasemwayo kwa Kiswahili mjini Lubumbashi, Kalemie au Bukavu hayajapata kuandikwa. Asipoyaandika yule aliyeisomea lugha hiyo, ni vigumu kujua nani atayaandika.

Ndani ya jibu hilo mna dhana kwamba wazo hutangulia na kuandika hufuata. Maisha ya waandishi waliodumu katika kazi yao yaonyesha kwamba mara nyingi mambo huenda kinyume: saa ya kuandika huwekwa kwanza, nalo wazo huja likamkuta mwandishi amekwisha kuketi.

Mfano ulio wazi kuliko mingi ni wa Mwingereza Anthony Trollope (1815–1882). Mtu huyu alikuwa mtumishi wa posta tangu 1834 hadi 1867, na hata hivyo aliacha riwaya 47, mbali na vitabu vya safari na hadithi fupi. Katika tawasifu yake, iliyochapishwa mwaka 1883 baada ya kufa kwake, alifichua utaratibu wake bila haya. Alimwongezea mtumishi wake mzee paundi 5 kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani. Kwanza alisoma aliyoyaandika jana, kazi iliyomchukua kama nusu saa. Kisha aliiweka saa yake mbele yake, akajidai maneno 250 kwa kila robo saa. Alikuwa pia na daftari la hesabu, ambamo aliandika kurasa za kila siku, ukurasa mmoja ukiwa na maneno 250; kwa wastani alitoa kurasa 40 kwa juma. Kabla ya chakula cha asubuhi kazi ya fasihi ilikuwa imekwisha, na siku iliyobaki ilikuwa mali ya posta.

Wengi waliosoma habari hiyo waliitazama saa na hesabu, wakamwona Trollope kama karani wa fasihi. Lakini siri ya utaratibu huo huenda ikawa katika ile nusu saa ya kusoma. Mwandishi huyo hakuianza siku mbele ya karatasi tupu. Aliianza mbele ya jambo lililokatizwa, sauti ya jana ikiwa bado masikioni mwake, na jambo lililokatizwa lina tabia ya kudai lifuatwe. Ni kweli kwamba si vitabu vyake vyote vilivyo vizuri, na baadhi vyachosha. Hata hivyo ni shida kuamini kwamba vile vizuri vingepatikana bila mkono uliozoezwa na vile vingine.

Mawazo yake nayo yalitoka wapi? Mwaka 1852 kazi ya kupanga ugawaji wa barua vijijini ilimfikisha Salisbury. Jioni moja ya kiangazi, akitembea kandokando ya kanisa kuu la mji huo, alipata wazo la kitabu kiitwacho The Warden. Hakuanza kukiandika hadi Julai 1853, nacho kikatoka 1855. Wazo, basi, lilimkuta safarini kwa ajili ya kazi ile ile ambayo mtu mwingine angeilaumu kwa kumnyima nafasi ya kuandika.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali hivyo. Shaaban Robert (1909–1962) naye alikuwa mtumishi wa serikali karibu maisha yake yote: karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha katika idara ya wanyama, ofisi ya wilaya ya Tanga, na upimaji wa ardhi. Uhamisho wa kikazi, ambao ungeweza kumvunja moyo, uligeuka kuwa maudhui: safari ya kwenda Mpwapwa wakati wa vita ina nafasi yake katika Maisha Yangu. Vita vyenyewe vilimpa utenzi wa beti zipatazo 3,000, uliochapishwa mwaka 1967. Malezi ya watoto wake yalimpa Utenzi wa Hati, aliomtungia bintiye, na Utenzi wa Adili, aliomtungia mwanawe. Zaidi ya hayo alimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958. Watafiti huzisoma barua hizo ili wajue habari zake. Zafaa pia kusomwa kama zoezi la miaka 27 la kuweka mambo ya siku katika sentensi safi.

Mtu akiuliza mambo ya namna hiyo yapatikana wapi Lubumbashi, na asikilize ndani ya basi. Kwa nini mji wasema bukari na vitabu vyasema ugali? Wafiwa hukaaje kwenye kilio, nani husema kwanza, na kwa maneno gani? Wachimbaji wa madini huyaitaje mawe wanayoyatenganisha? Kila swali la aina hii ni makala, ikiwa limeandikwa siku ile ile katika kijitabu cha mfukoni, pamoja na mahali na neno lenyewe kama lilivyotamkwa. Likiachwa hadi Jumapili, neno hubadilika na kuwa la kitabuni, na pamoja nalo lile lililoamsha udadisi hupotea.

Kuhusu kipimo, mwalimu mwenye madarasa matatu na umeme unaokatika jioni hawezi kuiga kurasa 40 za Trollope. Nusu ukurasa yatosha, mradi saa yake ijulikane na watu wa nyumbani. Siku zikipotea, na zitapotea kwa ugonjwa, misiba na mitihani, si vema kujaribu kuzilipa kwa mkupuo; deni la kurasa ishirini humfukuza mtu mezani kuliko uvivu. Hurudiwa nusu ukurasa ule ule.

Hubaki hofu moja inayowanyamazisha wengi hapa: kwamba Kiswahili chao si safi vya kutosha. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, André Yav alikusanya historia ya mji huo kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Kichwa cha andiko ni cha Kifaransa, maandishi ni Kiswahili cha Katanga. Maneno hayakutenganishwa kwa utaratibu mmoja, wala alama za kituo hazikufuatwa. Johannes Fabian alipolishughulikia hata kulichapisha mwaka 1990, ilibidi msemaji wa lugha hiyo alisome kwa sauti ili maana yake itokee. Ilitokea.