Adabu ya Kurekebisha Herufi Moja

Katika jamii ya watengenezaji wa programu huria, kiraka ndiyo hodi ya mgeni. Kiraka ni badiliko dogo linalotumwa kwa wenye mradi, na mara nyingi cha kwanza cha mtu huwa ni neno lililokosewa tahajia katika maelezo ya matumizi. Hata asiyejua kuandika programu anaweza kuyasoma maelezo hayo, akaliona kosa, akalirekebisha.

Mila zenyewe ni kali. Tazama Linux, kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiraka hutumwa kwa barua pepe kwa msimamizi wa sehemu inayohusika, kikiwa na jambo moja tu: anayerekebisha tahajia hapangi aya upya wala hagusi msimbo. Mtumaji hueleza alichobadilisha na kwa nini, kisha huandika jina na anwani yake, akithibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Sharti hilo la sahihi liliwekwa mwaka 2004, na udogo wa kazi haumwondolei mtu. Aliyeongeza herufi moja hutia sahihi sawasawa na aliyeandika maelfu ya mistari, na jina lake hubaki katika kumbukumbu za mradi. Katika desturi zao zote, hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi.

Yapo makosa yasiyoguswa. Jina Referer, ambalo kivinjari hulitumia kuiarifu tovuti msomaji ametokea ukurasa gani, lilipungukiwa r moja, likaingia hivyo hivyo katika waraka wa mwaka 1996 wa HTTP, kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti. Kompyuta za dunia nzima zinalitambua kwa kosa lake. Ukilinyoosha ndani ya msimbo, tovuti haitaitambua taarifa hiyo. Mrekebishaji mwenye adabu hujiuliza kwanza kama neno linasomwa na mtu au na mashine.

Hata hivyo, hodi hii haiitikiwi vizuri kila mahali. Mwongozo wa Linux wenyewe unasema viraka vya tahajia huleta kelele, na kwamba vinazidi kudharauliwa. Oktoba 2020, kampeni ya Hacktoberfest, iliyotoa fulana kwa waliotuma mabadiliko manne, ilizalisha utitiri wa marekebisho yasiyo na maana, hadi waandaaji wakaamua kuihusisha miradi iliyoridhia tu. Wasimamizi walikuwa na haki ya kulalamika, maana wengi hujitolea. Lakini dharau kwa kila mrekebishaji siikubali. Amri ikikosewa herufi moja katika mwongozo, mwanafunzi anayejifunza peke yake ataiandika vile vile, kompyuta itaikataa, naye atadhani mjinga ni yeye.

Kiswahili nacho kimo humu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za OpenOffice.org kwa lugha yetu, na tafsiri nyingine zimefuata. Wewe unayeijua tahajia ya Kiswahili, ukikuta kosa humo usilipite. Lirekebishe, eleza sababu, utie jina lako.